Dola 300 za rivolva ya kulengea makopo

SWALI

Mheshimiwa Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwenyeji wa Fizi, Kivu Kusini, niliyekulia katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na sasa ninaishi na mke wangu na watoto wetu watatu mjini Boise, Idaho, ambako ninafanya kazi ghalani. Nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Wenzangu wa zamu ni Wamarekani wazaliwa wa huku, na siku za Jumamosi huenda nje ya mji, kwenye nyika ya serikali, kulenga makopo na vibao vya karatasi kwa kujifurahisha tu. Walinialika, wakaniazima rivolva ndogo, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ya kipimo cha .22 (sehemu ya inchi), na nakiri kwamba niliipenda shughuli hiyo kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ilikuwa ya utulivu, ya kusubiri zamu na kuzungumza polepole, isiyofanana hata kidogo na silaha nilizozijua utotoni.

Sasa ningependa kununua yangu, lakini fedha niliyoitenga ni dola 300 na haitaongezeka. Mwenzangu mmoja ananiambia nichukue Heritage Rough Rider kwa sababu ndiyo ya bei ya chini kabisa. Mwingine anasisitiza Ruger Wrangler. Nilipokwenda dukani, muuzaji alinieleza kwamba zote mbili ni vitu vya kuchezea, kwamba mtu mzima hununua rivolva ya kufyatua mara mbili yenye silinda inayotoka nje kwa ubavu, na kwamba angalau nichukue yenye silinda mbili za kubadilishana ili niweze kupiga na risasi za Magnum, zenye nguvu zaidi. Nilitoka bila kununua, nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Mke wangu hataki kabisa bastola iingie nyumbani. Simlaumu, kwa maana yaliyowapata ndugu zake yalitokana na bunduki, na mtoto wetu wa mwisho yuko katika umri wa kufungua kila droo. Vilevile shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anakuja kusoma chuo hapa mwezi wa nane kwa viza ya mwanafunzi, na nilifikiri ningekwenda naye uwanjani, au hata tungenunua kwa kuchangia, kila mtu akatoa nusu.

Naomba uniongoze: ninunue ipi, na ninunue kweli?

Baba Furaha, Boise

JIBU

Marahaba, Baba Furaha.

Nianze na yule muuzaji, kwa kuwa ndiye aliyekuchanganya. Alikujibu swali ambalo hukumuuliza. Rivolva ya kufyatua mara mbili, yaani ile ambayo ukivuta kifyatulio tu nyundo hujivuta yenyewe na kuanguka, ina maana kubwa kwa mtu anayeitaka kwa kujilinda au kwa mashindano ya kasi. Wewe unataka kulenga kopo, kupumua, kupiga, kisha kucheka na mwenzako aliyekosa. Kwa kazi hiyo rivolva ya kufyatua mara moja, ambayo nyundo yake huvutwa kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, haipungukiwi na kitu, na kwa bei yako ndiyo pekee inayotengenezwa vizuri.

Sababu yake imo ndani ya risasi yenyewe. Katika risasi ya .22 baruti ya kuwashia haikai ndani ya kidonge katikati ya kitako cha ganda, kama ilivyo kwa risasi kubwa, bali imetandazwa ndani ya ukingo wa kitako hicho, na pini ya bastola lazima iubonyeze ukingo ule kwa nguvu ndipo iwake. Umbo hilo ni la zamani sana: Smith & Wesson walianza kuuza rivolva yao ndogo ya .22 fupi mwaka 1857, na risasi ndefu tunayoitumia leo, .22 Long Rifle, ilitoka mwaka 1887. Ni rahisi kuitengeneza, na ndiyo maana mpaka sasa risasi moja hugharimu kati ya senti sita na kumi, wakati ile ya milimita tisa huwa mara tatu ya hapo au zaidi. Lakini kwa kuwa ukingo unadai pigo kali, rivolva ya kufyatua mara mbili ya .22 huhitaji springi ngumu, na springi ngumu huleta kifyatulio kizito ambacho humtetemesha mkono mtu anayejifunza. Watengenezaji wachache wamelitatua tatizo hilo vizuri; Smith & Wesson 617 ni mfano mzuri, ila bei yake ni karibu mara tatu ya fedha yako. Za bei ya kati zipo, Taurus 942 ikiwa mojawapo, nazo zinafanya kazi, lakini wengi wa wanaozinunua huishia kuvuta nyundo kwa gumba kabla ya kila risasi ili kupata kifyatulio chepesi, yaani wamelipia kitu wasichokitumia.

Kwa hiyo tunabaki na zile mbili za wenzako, na mimi ninaegemea Wrangler. Nitakueleza kwa nini, kwa sababu tofauti ya bei si ndogo kwa mtu mwenye bajeti kama yako: Rough Rider hupatikana mara nyingi kwa dola 130 hadi 200, na Wrangler, iliyotoka mwaka 2019, kwa dola 200 hadi 250 hivi.

Zote mbili hubeba risasi sita, zote hufuata umbo la rivolva za wachunga ng'ombe wa karne ya kumi na tisa, na kopo lililo mita kumi kutoka kwako halitajua limepigwa na ipi. Tofauti iliyonishawishi iko kwenye usalama. Ndani ya Wrangler kuna kipande chembamba cha chuma kinachopanda na kukaa kati ya nyundo na pini, ili kulipitisha pigo, pale tu kifyatulio kinapovutwa hadi mwisho. Ukikiachia kifyatulio, kipande hushuka, na nyundo haina tena njia ya kuifikia pini, hata rivolva ikidondoka juu ya jiwe. Mtumiaji hahitaji kukumbuka chochote. Rough Rider hutegemea swichi ndogo iliyo upande wa kushoto, nyuma ya silinda, ambayo ikiwekwa mahali pake huizuia nyundo; swichi hiyo inafanya kazi, lakini inamtegemea binadamu, na binadamu husahau. Ningekuwa na Rough Rider ningejaza risasi tano tu na kuhakikisha tundu lililo chini ya nyundo ni tupu, kama walivyofanya watu wa zamani.

Jambo la pili ni namna ya kujaza. Kwenye Wrangler nyundo hubaki chini. Unafungua kilango cha upande wa kulia na silinda inakuwa huru kuzunguka, unatia risasi moja baada ya nyingine, unafunga. Kwenye Rough Rider lazima kwanza uivute nyundo nusu, ujaze, kisha uivute kabisa na kuishusha taratibu kwa gumba huku ukivuta kifyatulio, rivolva ikiwa tayari ina risasi. Mzoefu hufanya hivyo bila kufikiri. Wewe bado, na siku ya baridi, vidole vikiwa vimekufa ganzi kama vinavyokuwa huko Idaho mwezi wa kumi na moja, gumba huteleza.

Kuhusu Magnum, muuzaji alikuuzia ndoto. Risasi ya .22 Magnum, iliyoingia sokoni mwaka 1959, ni ndefu na nene kidogo kuliko yako, ina kishindo kikubwa na hugharimu mara tatu au zaidi, nayo huwafaa wawindaji wa wanyama wadogo. Kopo haliwindwi. Zaidi ya hapo, kuwa na silinda mbili nyumbani kunafungua mlango wa kosa la hatari: risasi ya kawaida ya .22 huingia bila shida ndani ya tundu la Magnum, lakini hulegea humo, na ikipigwa ganda lake linaweza kupasuka na kurudisha moto na vipande nyuma, usoni kwa mpigaji. Chukua silinda moja.

Usihangaike sana na urefu wa mtutu. Wrangler ya kawaida ina mtutu wa inchi 4.62, yaani chini kidogo ya sentimita 12, na huo unatosha. Alama za kulengea hazirekebishwi, kwa hiyo ukiona risasi zako zote zinaangukia kushoto au chini, kabla ya kuilaumu rivolva jaribu aina mbili tatu za risasi, maana uzito na kasi huhamisha mahali pa kuangukia kwa kiasi kinachoonekana. Ukitaka alama zinazorekebishika na fremu ya chuma cha pua au chuma cheusi, hiyo ni Ruger Single-Six, inayotengenezwa tangu 1953, lakini mpya yake imepita uwezo wako kwa mbali.

Iliyotumika, je? Huenda ukaikuta Single-Six ya zamani kwa mzee anayepunguza vitu vyake, na ningekuelewa ukishawishika. Tazama ubavu wa fremu. Ikiwa kuna skrubu tatu, imetengenezwa kabla ya 1973 na haina kile kipande cha chuma nilichokisifu, kwa hiyo nayo ni ya risasi tano tu; kiwanda chenyewe hukubali kuiwekea mfumo mpya bila malipo, jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Tazama pia midomo ya matundu ya silinda upande wa nyuma: ukiona vidonda vidogo ukingoni, mtu alikuwa akiifyatua bila risasi na pini ikagonga chuma. Shika silinda nyundo ikiwa imevutwa na uitikise. Mchezo kidogo ni wa kawaida, lakini ikiyumba sana, iache hapo hapo.

Sasa fedha. Chukulia Wrangler ya dola 220. Kodi ya mauzo ya Idaho ni asilimia 6, kwa hiyo utalipa dola 233 na senti kadhaa, na utabaki na kama dola 67. Hizo si za risasi. Nunua kwanza kikinga masikio cha dola ishirini na kitu, kwa sababu mlio wa .22 kutoka kwenye mtutu mfupi hupita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unatosha kudhuru usikivu, hata kama masikio yako hayakulalamika siku ile ulipoazimwa. Kisha miwani ya kinga, ambayo kwa rivolva si pambo: kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, na gesi ya moto pamoja na chembe za risasi hutokea hapo kwa ubavu. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke kidole kamwe mbele ya silinda, na asisimame mtu sambamba nawe. Kinachobaki kinunue kisanduku kidogo cha chuma chenye kufuli. Risasi zitoke kwenye mshahara unaofuata. Boksi la risasi hamsini ni kama dola nne au tano, na wenzako hawatakunyima chache za kuanzia.

Kufuli linanipeleka kwa Mama Furaha. Baba Furaha, umeandika kwamba humlaumu, kisha ukauliza aina ya rivolva kabla ya kuuliza namna ya kuzungumza naye. Mimi ningeupindua mpangilio huo. Usimwendee na maneno ya kumtoa hofu, kwa kuwa hofu yake ina sababu anazozijua yeye kuliko mimi na kuliko hao wenzako. Mwendee na mpango anaoweza kuukagua kwa macho yake. Rivolva ya aina hii ina faida moja ambayo wachache huitaja: ukichomoa pini ndefu iliyo chini ya mtutu, silinda hutoka nzima mkononi. Bila silinda kilichobaki hakiwezi kufyatua risasi hata moja. Mpe yeye silinda aifungie mahali anapopajua peke yake, wewe ufungie fremu kwenye kisanduku, na risasi zikae chini ya kufuli la tatu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2005 humlazimu mwenye duka kukukabidhi kifaa cha kufungia pamoja na kila bastola anayoiuza, kwa hiyo kufuli moja utalipata bila kulinunua. Kwa utaratibu huo huwezi kwenda nyikani Jumamosi bila yeye kujua na kukubali. Ikiwa bado atasema hapana, basi endelea kuazima na uiache nyumba yake iwe kama anavyotaka.

Kuna jambo jingine la watoto ambalo si la kufyatua. Vichwa vya risasi nyingi za .22 ni risasi tupu, yaani madini ya risasi yasiyofunikwa, na baruti ya kuwashia huwa nayo pia. Vumbi lake hukaa mikononi na kwenye nguo. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, badilisha shati kabla ya kumbeba yule mdogo, na usisafishie rivolva juu ya meza ya chakula.

Mahali pa kupigia mnapajua, lakini usitegemee kwamba wenzako wanajua masharti yote. Kwenye ardhi ya umma inayosimamiwa na Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya Marekani (BLM) kulenga shabaha kunaruhusiwa kwa ujumla, isipokuwa pale palipofungwa. Kwenye misitu ya taifa hairuhusiwi kupiga ndani ya yadi 150, kama mita 137, kutoka kwenye nyumba, kambi au mahali penye watu, wala kuvuka barabara au maji. Nyuma ya kopo pawe na kilima cha udongo, si upeo wa macho, kwa sababu kichwa hiki kidogo husafiri zaidi ya maili moja. Msipige mawe, chupa wala maji, maana risasi laini ya .22 hupenda kuruka na kurudi. Kiangazi ulizeni kuhusu amri za moto. Na okoteni kila kopo na kila ganda. Sehemu nyingi zimefungwa kwa sababu ya watu waliopeleka runinga na friji kuukuu kuzipiga na kuziacha huko. Kwa mara zako za kwanza ningependa uende Blacks Creek, uwanja wa umma unaosimamiwa na Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Idaho, ambako kuna mstari wa kusimama na kanuni zinazofuatwa na wote.

Ukiwa huko jizoeze mambo mawili mapema. Risasi ikipigwa isilie, na kwa .22 hilo hutokea, shikilia mtutu ukielekea kwenye shabaha kwa nusu dakika kabla ya kufungua kilango, kwa sababu huenda inachelewa tu. Ikilia kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida, acha kabisa, toa zote, na uchungulie mtutu kama kuna kichwa kilichokwama ndani.

Nimeliacha suala la shemeji mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukugharimu zaidi ya dola 300. Wewe, kama mkaazi wa kudumu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi na makazi Idaho, unaweza kununua bastola dukani kwa kujaza fomu namba 4473 na kukaguliwa kumbukumbu zako. Jibu likichelewa siku kadhaa kwa sababu ya jina linalofanana na la mtu mwingine, hiyo si kukataliwa. Yeye atakuwa na viza ya muda. Sheria ya shirikisho humkataza mtu mwenye viza ya namna hiyo kununua silaha au risasi, na humkataza hata kuishika, kwa hiyo kumpa rivolva mkononi uwanjani kwa dakika tano tayari ni kosa lake na lako. Kuchangia nusu kwa nusu ndiko kubaya zaidi, kwa maana fomu inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi wa kweli, na jibu la uongo hapo ni kosa la jinai. Kwa mtu ambaye bado si raia, hatia ya silaha inaweza kuishia kwenye kufukuzwa nchini. Fedha yake airudishe mfukoni kwake, alipie vitabu.

Njia halali ipo, nayo ni leseni ya uwindaji. Mwenye viza ya muda aliye na leseni hai iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani huondolewa katazo hilo, na Idaho humtaka kila aliyezaliwa tangu Januari 1, 1975 amalize kwanza mafunzo ya uwindaji, ambayo yenyewe ni mafunzo mazuri ya usalama. Akishafika na kutulia, mwelekeze huko kama anapenda, lakini muonane kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, na shemeji awe na leseni hiyo ya uwindaji mkononi, si ahadi ya kuipata; na leseni ikimaliza muda wake asiguse kitu mpaka aihuishe.